Hifadhi za Unguja humzuia nani?

Chukwani, kilomita chache kusini ya Mji Mkongwe, ndipo linapokaa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar. Pwani yake bado ina mikoko, ingawa nyumba mpya zinazidi kuisogelea. Na ng'ambo ya maji kipo kisiwa cha Chumbe, ambacho mwamba wake wa magharibi ni marufuku kuvuliwa tangu 1994. Sheria, mikoko na mwamba vimekaribiana kiasi hicho, lakini mwananchi akiuliza nani hasa mwenye dhamana ya kulinda wanyama na mazingira ya Unguja, atapewa majibu yanayogongana. Mmoja atasema ni serikali, mwengine kijiji, mwengine mwekezaji. Mjadala ulipamba moto zaidi mwishoni mwa 2021, Serikali ya Mapinduzi ilipotangaza kukodisha visiwa vidogo: kuna wanaosema mwekezaji hulinda kuliko serikali, na kuna wanaosema bahari inafungwa mbele ya macho ya mvuvi. Pande zote mbili zina ushahidi wa kutosha kuonekana zina haki, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa.

Makala haya yanazipima njia tatu zinazotumika Unguja, na Pemba pale inapobidi: hifadhi ya serikali, hifadhi ya mwekezaji na hifadhi ya kijiji. Hoja yangu ni kwamba tumekwama kwenye swali la nani ashike funguo, wakati kila moja ya njia hizo imekwisha kuonesha kuwa inaweza kumzuia mtu mwenye panga, mbwa au nyavu. Asiyezuiwa na hata moja ni mwenye hati ya ardhi na kibali cha ujenzi. Na tofauti yake na hao wengine ni kubwa: alichokiondoa yeye hakichipui tena.

Mamlaka nyingi, mkoko mmoja

Tuanze na jambo linalowapotosha wengi, hasa wanaozoea habari za Tanzania Bara. Misitu, wanyamapori na mazingira si mambo ya Muungano. TANAPA, inayosimamia Serengeti na Saadani, haina mamlaka Jozani. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa 2004 na iko chini ya idara ya misitu ya Zanzibar, kwa nguvu ya sheria ya misitu ya 1996. Bahari ina wizara yake, ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, na maeneo yake ya hifadhi: Menai tangu 1997, Mnemba tangu 2002, na jirani na Mji Mkongwe lile la Changuu na Bawe, lililofuata 2014. Mazingira kwa jumla yana sheria ya 2015 na mamlaka yake, ZEMA. Ardhi iko kwengine kabisa: yote ni mali ya umma na serikali ndiyo inayotoa haki ya kuitumia, huku miradi ya uwekezaji ikipitia mamlaka ya uwekezaji, ZIPA.

Lipo pia kosa la kudhani kwamba kila penye bango la hifadhi pamefungwa. Eneo la Ghuba ya Menai lina ukubwa wa kilomita za mraba 470, na karibu kote humo watu wanavua kama kawaida. Kinachokatazwa ni zana na mbinu haribifu: juya, kigumi kinachovunja matumbawe kwa kupigapiga, baruti, utupa, bunduki za mishale. Mwenye dema au mshipi hakatazwi. Kulifunga eneo moja kwa moja, mtu asivue kabisa, ni jambo la nadra Zanzibar, na mwamba wa Chumbe ndio mfano wake ulio mashuhuri. Kwa hiyo anayelalamika kwamba hifadhi zimewamaliza wavuvi, na anayejisifu kwamba sehemu kubwa ya bahari yetu imehifadhiwa, wote wawili wanasoma mistari ya ramani bila ya kusoma masharti yaliyo ndani yake.

Mgawanyo huu wa mamlaka una athari. Mkoko ulioota Chukwani una wakubwa wengi. Mti wenyewe ni wa misitu, samaki wanaozaliana kwenye mizizi yake ni wa uvuvi, athari ya kuukata ni ya ZEMA, na kiwanja kilicho nyuma yake ni cha ardhi. Mtu akikamatwa na mzigo wa boriti za mikoko, sheria ya misitu pekee inatosha kumfikisha mahakamani. Lakini kiwanja kikipimwa hadi ukingoni mwa mikoko hiyo, na kikajazwa kifusi kidogo kidogo, kila ofisi inaweza kusema kwa ukweli kabisa kwamba sehemu yake ya kazi haikuguswa.

Jozani: serikali na jirani yake

Wanaoitetea hifadhi ya serikali wana karata moja kubwa, nayo ni kima punju. Mnyama huyu hana asili popote duniani isipokuwa Unguja na vijisiwa vya karibu kama Uzi. Kwa muda mrefu alidhaniwa amebakia kidogo sana. Sensa ya Wildlife Conservation Society iliyochapishwa 2019 ikapata zaidi ya 5,800, zaidi ya mara tatu ya ilivyokuwa ikidhaniwa. Habari hiyo ilipokewa kama ushindi, na kwa kiasi fulani ni ushindi. Ila hesabu kuongezeka si wanyama kuongezeka. Kilichobadilika ni uzuri wa kuhesabu: watafiti waliingia misitu ambayo kabla haikukaguliwa vizuri, wakakuta vikundi ambavyo havikuwa kwenye orodha. Na sensa hiyo hiyo ilionya kwamba nje ya hifadhi watoto wa kima wanaokua ni wachache na misitu yao inatoweka haraka. Anayeitumia tarakimu hiyo na kulificha onyo hilo anaudanganya umma.

Kwa nini basi kima wanaonekana kwa urahisi zaidi kando ya barabara na kwenye mashamba ya Pete na Jozani kuliko ndani ya msitu mkubwa? Jibu lina utamu wake. Majani ya mwembe na mkungu yana protini nyingi, lakini pia yana kemikali zinazomletea mnyama shida tumboni. Kima wa mashambani wamejifunza dawa: hushuka kwenye matanuri ya makaa na visiki vilivyoungua, huokota kipande cha mkaa, hukitafuna, na mkaa ule hunyonya zile kemikali. Watafiti waliliandika jambo hili katika miaka ya 1990. Maana yake ni kwamba shamba la mwanakijiji, pamoja na jiko lake la makaa, linalisha kima wengi kuliko eneo lenye ukubwa sawa la msitu. Serikali inauza tiketi ya kumtazama mnyama ambaye sehemu ya chakula chake inatoka kwa mkulima.

Hapo ndipo ulipozaliwa mgogoro wa nazi. Kima hula vidaka na vitale, na wakulima walidai fidia. Utafiti wa Siex na Struhsaker, uliochapishwa 1999, ulionesha kwamba mavuno ya nazi hayakupungua kwa sababu ya kima. Mnazi kwa kawaida huangusha vidaka vingi wenyewe, na kupunguziwa baadhi yake ni kama kupogolewa. Kisayansi jambo likaisha. Kijamii halikuisha, na halikupaswa kuisha, kwani mkulima haulizi tu nazi ngapi zimepungua, anauliza pia kwa nini aliyekuja na kamera analipa mlangoni na si shambani. Kilichotuliza mambo ni utaratibu wa kugawana: wenye mashamba walijiunga katika umoja wao, UWEMAJO, wakapata sehemu ya mapato ya watalii, na vijiji vinavyoizunguka hifadhi vikapata fungu la miradi ya maendeleo, pamoja na njia ya mbao ya kutembelea mikoko ya Pete. Matuta ya barabarani yaliwekwa pia, na vifo vya kima wanaogongwa na magari vikapungua, ingawa havikwisha.

Udhaifu wa njia hii unaonekana kwa mnyama asiyeleta tiketi. Paa nunga anaishi maweni, katika vichaka vya juu ya mawe ya matumbawe, na ni mwoga. Mtalii anaweza kulala Unguja mwezi mzima asimwone. Mwaka 1983 alikisiwa kuwa takriban 5,000 Unguja; mwishoni mwa miaka ya 1990 makisio yalikuwa chini ya 1,000. Sheria ya kumlinda ilikuwepo. Lakini sheria ilibaki ofisini, na wasasi waliingia maweni na mbwa na nyavu huku vichaka vyenyewe vikikatwa kwa kuni na mashamba. Serikali ililinda vizuri pale palipokuwa na mlango wa kukatia tiketi, na ililinda vibaya pale palipokuwa na vichaka tu.

Na wanaodhani serikali kwa asili yake ni mlinzi wakumbuke habari ya chui wa Unguja. Baada ya Mapinduzi ya 1964, wakati imani kwamba chui wanafugwa na wachawi ilikuwa na nguvu vijijini, kampeni ya kuwasaka iliyoongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi ilipata baraka za wenye mamlaka. Katikati ya miaka ya 1990 watafiti wengi walikuwa wamekwisha kukata tamaa ya kumpata chui huyo. Mwaka 2018 kamera ya kipindi cha televisheni ilinasa picha ya mnyama anayefanana na chui, na mabishano bado yapo kama ni yeye. Kwa vyovyote, dola iliyo na uwezo wa kulinda ndiyo hiyo hiyo iliyo na uwezo wa kumaliza.

Chumbe: mkataba ndio uliolinda

Chumbe ni kisiwa cha maweni chenye urefu wa kilomita moja hivi, na mnara wa taa uliojengwa 1904. Kwa miaka mingi kilikuwa karibu na njia ya meli na eneo la jeshi, na wavuvi wa kawaida hawakukaribia; ndiyo sababu matumbawe yake yalikutwa mazima. Sibylle Riedmiller, Mjerumani aliyewahi kufanya kazi za miradi ya maendeleo, alianza mwaka 1991 kuomba kibali cha kukifanya hifadhi. Mwamba ulitangazwa rasmi 1994, lakini wageni wa kulala walianza kupokewa 1998, baada ya urasimu wa miaka saba na gharama ya karibu dola milioni 1.2, sehemu kubwa ikiwa ni fedha binafsi na nguvu za wanaojitolea. Vyumba ni saba tu, vya makuti, vinavyokinga maji ya mvua na kutumia umeme wa jua. Walinzi wa mwanzo walikuwa wavuvi wa vijiji vya karibu, hawana silaha, na kazi yao kubwa ni kuzungumza na mvuvi aliyepotea njia au aliyejifanya kapotea. Faida hurudi kwenye ulinzi na kwenye ziara za wanafunzi wa skuli za Unguja, ambao wengi wao wamezaliwa kisiwani na hawajawahi kuona tumbawe lililo hai.

Matokeo yake hayana ubishi mkubwa. Aina zaidi ya 400 za samaki na aina zipatazo 200 za matumbawe magumu zimeorodheshwa katika eneo ambalo mtu anaweza kulizunguka kwa mtumbwi asubuhi moja. Panya waliangamizwa 1997, na kaa wa nazi, ambaye kwengine ameliwa hadi karibu kwisha, anatembea kisiwani usiku bila ya wasiwasi. Paa nunga wachache walihamishiwa huko kama akiba. Na samaki wanaokua ndani ya mwamba uliofungwa hawaujui mpaka. Wakubwa hutoka na kuvuliwa nje, jambo ambalo ni faida kwa wavuvi wa upande wa pili.

Hata hivyo, wanaoutumia mfano wa Chumbe kuhalalisha kila ukodishaji wa kisiwa wanaruka hatua. Kwanza, Chumbe hakikuwa na wakaazi wala dago la wavuvi. Hakuna kijiji kilichohamishwa. Pili, kilicholinda si ubinafsi wa mmiliki bali masharti ya mkataba: idadi ndogo ya vyumba, mpango wa usimamizi ulioandikwa, faida isiyogawiwa, na haki ya serikali kukagua. Mwekezaji mwengine akipewa kisiwa chenye masharti ya kujenga vyumba vingi, gati na mabwawa ya kuogelea, basi hajapewa Chumbe ya pili. Kapewa kiwanja kilichozungukwa na maji. Tatu, njia hii inaning'inia kwenye uzi wa utalii. Safari za ndege ziliposimama 2020, hifadhi inayolipa walinzi wake kwa fedha za wageni ilibaki na walinzi bila ya wageni. Na nne, hakuna doria inayozuia joto la bahari: matumbawe ya Chumbe yalipauka 1998 na tena 2016, kama ya majirani zake wasiolindwa, ingawa mwamba usiovuliwa hupona kwa urahisi zaidi.

Kijiji: haki ya kumkatalia mgeni

Mfano mzuri kuliko yote wa njia ya tatu hauko Unguja. Uko Pemba, na unahusu popo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 popo mkubwa wa Pemba, ambaye hana makaazi kwengine, alionekana kwa taabu sana. Alikuwa akiliwa, na miti anayolala ilikuwa ikikatwa. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 vijiji viliunda vikundi vya kuyalinda makundi yake, na Kidike pakawa mahali pa mgeni kulipa kiingilio. Hesabu zilizofuata zilipata zaidi ya popo 20,000. Hakukuwa na uzio wala askari wa misitu wa kulala pale. Kilichokuwepo ni kwamba makundi ya popo hulala kwenye miti inayojulikana, mara nyingi makaburini au kwenye mashamba ya mtu, na wenyeji wanajua nani kaja na mshale.

Pweza anafundisha jambo hilo hilo kwa upande wa bahari. Kisiwa Panza na vijiji vingine, vikisaidiwa na mtandao wa Mwambao, vilianza kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi mitatu hivi, kisha kuufungua siku moja kwa wote. Pweza hukua haraka mno, na muda huo mfupi unatosha kumfanya awe na uzito wa maana. Wanaofaidi zaidi ni wanawake wanaovua kwa miguu maji yakitoka, ambao katika mikutano mingi ya uvuvi huwa hawaulizwi. Lakini kadiri siku ya kufungua inavyokaribia, ndivyo wavuvi wa nje wanavyozidi kunusa. Kijiji kinaweza kuwakataza watu wake kwa aibu na kwa undugu. Mtu wa dago kutoka mbali haoni aibu yoyote. Hapo Kamati ya Uvuvi ya Shehia inahitaji boti, mafuta na hakimu, vitu ambavyo havimo katika undugu. Ghuba ya Menai ilikuwa na hayo yote wakati ufadhili ulipokuwa mzuri. Ufadhili ulipopungua, doria zikapungua nao.

Udhaifu wa pili ni kwamba kijiji nacho kina tamaa. Kizimkazi walikuwa wakiwaua pomboo kwa ajili ya chambo cha papa, hadi utalii ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulipoonesha kwamba pomboo hai ana thamani zaidi. Hilo ni badiliko kubwa, tena bila ya amri. Lakini leo boti zinazowazonga pomboo asubuhi, injini zikinguruma na watu wakirukia majini, nazo ni za watu wa pwani hiyo hiyo. Uchumi uliomwokoa pomboo na mkuki haukumpa nafasi ya kupumzika.

Na udhaifu wa tatu ni wa kisheria. Sheria ya misitu ya 1996 inaruhusu shehia kusaini mkataba na serikali na kuusimamia msitu wake wenyewe. Mradi wa HIMA, ulioendeshwa na shirika la CARE kwa fedha za Norway kuanzia 2010, uliipanua sana mikataba hiyo kwa matumaini kwamba misitu iliyolindwa itauza hewa ukaa. Mauzo yaliyotarajiwa hayakuja. Wanakijiji waliojinyima kuni na mashamba ya maweni walibaki na ramani nzuri na kamati. Wapo wanaosema kwa hiyo njia ya kijiji imefeli. Nasema kilichofeli ni ahadi ya fedha iliyofungwa kwenye soko la nje. Mipaka iliyochorwa na wanakijiji wenyewe ilikuwa mali ya kweli, na ingepaswa kupewa nguvu nyengine.

Mwenye kibali

Sasa tuitazame Unguja kwa jumla. Zanzibar ilikuwa na watu 1,303,569 katika sensa ya 2012. Mwaka 2022 walikuwa 1,889,773, na karibu nusu yao wako Mkoa wa Mjini Magharibi. Watalii walikuwa 538,264 mwaka 2019 na 736,755 mwaka 2024. Mji unapanuka kuelekea kusini na mashariki, hoteli zinazunguka pwani, na mchanga wa kujengea umeadimika hadi serikali ikalazimika kuudhibiti mgawanyo wake. Haya yote yanatua wapi? Yanatua maweni na pwani, kwa sababu ardhi nzuri ya magharibi yenye udongo mwekundu ina minazi, mikarafuu na wenyewe tangu zamani, wakati maweni huhesabiwa kuwa ardhi isiyo na kazi. Hailimiki vizuri, basi ndiyo ya kwanza kugawiwa. Ndiyo hiyo hiyo aliko paa nunga, na waliko kima wa nje ya hifadhi.

Mkulima wa maweni hukata, huchoma, hulima misimu michache kisha huhama, na kichaka huota tena. Ukirudi baada ya miaka kumi na tano utakuta msitu mdogo. Mkataji kuni huacha visiki vinavyochipua. Hawa ndio tuliowaandikia sheria na kuwawekea askari. Nyumba, barabara ya lami na hoteli haviachi kisiki. Mikoko iliyofukiwa haichipui, kwani maji ya bahari yaliyokuwa yakiingia na kutoka yamezibwa. Kwa hiyo hata kama mwenye panga anakata eneo kubwa zaidi kwa mwaka, hasara yake hulipika, na ya mwenye kibali hailipiki. Mfumo wetu wote wa hifadhi umeelekezwa kwenye hasara inayolipika.

Tutaambiwa kwamba ipo tathmini ya athari kwa mazingira. Ipo, na ni jambo jema. Lakini tathmini hupima mradi mmoja mmoja. Hoteli moja katika maweni ya Paje au Michamvi haimalizi msitu. Ripoti yake itasema hivyo, na itakuwa imesema kweli. Hoteli ya ishirini nayo itasema hivyo. Nyumba ya mtu ya kuishi haitathminiwi kwa ukubwa huo, na mji unajengwa na nyumba kama hizo. Hakuna karatasi hata moja itakayosema uongo, na msitu utakwisha.

Pingamizi tatu

Pingamizi la kwanza ni la haki: watu wanahitaji pa kulala na kazi za kufanya, na si adabu kuwaambia vijana wa Fuoni au Kisauni kwamba kima wana haki kuliko wao. Hili ni zito, na jibu lake halipo katika kuwapenda wanyama. Jibu ni kwamba anayejenga ukingoni mwa mikoko ndiye atakayeingiliwa na maji, na kwamba nyumba zinaweza kujengwa kwenda juu katika maeneo yaliyokwisha kuvunjwa badala ya kutawanyika maweni. Kutawanyika si lazima ya umaskini. Ni desturi ya kugawa viwanja.

Pingamizi la pili linasema fedha za utalii ndizo zinazolipa askari wa misitu, kwa hiyo kuubana uwekezaji ni kuukata mkono unaolisha hifadhi. Ni kweli kwa sehemu. Jozani na Chumbe zote mbili zinaishi kwa mgeni. Lakini mgeni huyo anakuja kuona kitu ambacho hoteli nyingi zaidi hazikizalishi, na fungu linalorudi kwenye hifadhi ni dogo ukilinganisha na mapato ya utalii kwa jumla.

La tatu ni la wanaosema maadui wengine hawajui hati wala mpaka. Mfano wao ni kunguru wa Kihindi, aliyeletwa Unguja katika miaka ya 1890 kusafisha taka za mji, akaishia kula mayai na makinda ya ndege wa asili na kuenea mwambao wote. Miaka ya 1990 alipunguzwa sana kwa sumu. Juhudi zikalegea, akarudi. Kenya nayo ilitangaza vita naye 2024. Nakubali kabisa: kwa kunguru, kwa panya wa visiwani na kwa joto la bahari, mpangilio wa ardhi haufui dafu. Hayo yanataka bajeti ya kila mwaka isiyokatika, na ni kazi ya serikali tu, kwani hakuna kijiji wala hoteli itakayopiga vita na ndege wa kisiwa kizima.

Kipi kwanza

Nikilazimishwa kupanga njia hizi tatu, nitaiweka ya kijiji mbele kwa ardhi na miamba ya karibu, ya serikali mbele kwa Jozani na kwa maadui wasio na mipaka, na ya mwekezaji mahali penye masharti ya Chumbe na pasipo na watu. Lakini mpangilio huo hautasaidia iwapo hatua moja haitatangulia: mipaka ya misitu ya jamii na ya mikoko kuingizwa katika daftari la ardhi kama haki kamili, ili afisa anayepima kiwanja aikute mbele yake kama anavyoikuta nyumba ya mtu. Leo mkataba wa misitu uko idara ya misitu, na ramani ya viwanja iko wizara nyengine. Shehia yenye mkataba inaweza kumkamata jirani aliyekata mzigo wa kuni, na haiwezi kumkatalia mtu aliyekuja na barua ya kiwanja.

Hatua hii ina gharama zake. Haki ikiwa kamili, inauzika. Sheha au kamati inaweza kushawishiwa, na wanakijiji wa kesho wakakosa walichouza wa leo. Ndiyo maana haki hiyo isiruhusu kubadilisha matumizi bila ya idhini ya mkutano wa shehia na ya ZEMA kwa pamoja, pande mbili ambazo ni vigumu kuzishawishi kwa siku moja. Serikali nayo itapoteza wepesi wa kugawa ardhi, na wawekezaji wataona taratibu zimeongezeka. Huo ni wepesi unaostahili kupotea katika maweni ya kusini na mashariki, wakati mahali pengi pa mji panaweza kuwekewa taratibu nyepesi kuliko za sasa.

Kwa visiwa vilivyokodishwa, jambo la haraka ni mikataba yenyewe kuwekwa wazi: vyumba vingapi, maji taka yanakwenda wapi, mvuvi anaruhusiwa kutia nanga umbali gani, nani anakagua na kila baada ya muda gani. Mkataba wenye majibu ya Chumbe hauna cha kuficha. Usio na majibu hayo unaweza bado kurekebishwa kabla ya msumari wa kwanza, na kwa gharama ndogo kuliko ya kuupanda mwamba upya tumbawe moja moja.